Bendera nje ya nyumba usiku huku Marekani: naiacha au naishusha?

BintiTanga_Minnesota
Wadau mlioko Marekani naombeni msaada. Tumehamia nyumba yetu, mwenyewe wa zamani kaacha kishikio cha bendera kwenye nguzo ya baraza, na mume wangu kaapishwa uraia majuzi, basi kwa furaha zake kanunua bendera ya Marekani kubwaaa akaitundika na tangu hapo haijashuka, mchana ipo usiku ipo. Juzi jirani, mzee mmoja mstaafu wa jeshi, kapita akaniambia kwa upole tu kwamba bendera hailazwi gizani. Mi nimekua nyumbani, saa 12 jioni filimbi inalia kituo cha polisi na wapita njia wote mnasimama wima mpaka ishuke, kwahiyo nimeingiwa na wasiwasi. Ni kosa kisheria? Na tukitaka kuweka ya Tanzania pembeni je?

KibokoYaBaridi
Dada punguza presha, huku hakuna askari wa bendera. Mtaani kwangu zinalala nje mwaka mzima, nyingine zimechanika zimebaki nyuzi na hakuna aliyeulizwa. Lala zako.

Mjomba wa Dallas
Kiboko umesema nusu. Kuna Flag Code, yaani kanuni za bendera, ziliwekwa kwenye mkutano wa 1923 na Bunge lao likazifanya sheria 1942. Zinasema desturi ni jua likichomoza hadi likizama, ila unaweza kuiacha masaa 24 kama gizani inamulikwa vizuri. Na ukiiacha bila taa hapo nyumbani kwako hakuna faini wala polisi, ni maelekezo tu. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Texas v. Johnson iliamua hata anayeichoma kwenye maandamano analindwa na katiba, sembuse nyie mlioisahau barazani.

Lakini binti yangu huyo mzee haongelei sheria. Mtu kashaona bendera inavuliwa kwenye jeneza, inakunjwa pembetatu taratibuuu mpaka inabaki bluu na nyota, anakabidhiwa mama wa marehemu. Ukimjibu habari za katiba utakuwa umemkosea adabu bure. Wekeni taa.

FundiUmeme_Mpls
Niongezee hapo kwenye taa maana ndo kazi yangu. Sheria haijataja ukali wa taa, we hakikisha mtu akipita barabarani usiku anaitambua ni bendera gani, na balbu ya baraza ikiwa karibu nayo mara nyingi inatosha. Zile za sola za kuchomeka chini ni rahisi ila kwa Minnesota msizitegemee, Desemba jua linazama kwenye saa kumi na nusu jioni, mchana wenyewe mawingu, betri haijai, kufika usiku wa manane imekata na asubuhi bado mbali. Fungeni ya umeme yenye sensa ya kujiwasha giza likiingia, ielekee kwenye kitambaa isielekee dirishani kwa jirani. Na bendera iwe nailoni au poliesta, ya pamba siku ya mvua na theluji inatakiwa ndani.

Mjomba wa Dallas
Ya Tanzania iwe na mlingoti wake, urefu sawa, ukubwa unaokaribiana, msizifunge moja chini ya nyingine. Ukisimama barabarani ukitazama nyumba, ya Marekani iwe kushoto kwako. Na jamani kijani ndo juu upande wa mlingoti, bluu chini! Nimeshaalikwa sherehe ya Desemba 9 ukumbini imetundikwa kichwa chini na watu wanapiga nayo picha.

BintiTanga_Minnesota
Asanteni sana, mjomba shikamoo. Kuna HOA huku, ule umoja wa wenye nyumba, wanaweza kutukatalia?

KibokoYaBaridi
Hao ndo wa kuogopa, sio polisi 😂

Mjomba wa Dallas
Marahaba. Ya Marekani hawawezi kuwakataza, kuna sheria ya shirikisho ya 2005, ila wanaruhusiwa kuweka masharti ya maana kama sehemu ya kuiweka. Sheria hiyo haigusi bendera ya nchi nyingine, kwahiyo ya Tanzania someni kwanza mkataba wa HOA kabla hamjatoboa nguzo ya pili.