Waldorf nyumbani: somo kuu la asubuhi kwa watoto wawili wa umri tofauti

Mama Wawili:
Salaam kwenu nyote. Ninawafundisha wanangu nyumbani kwa kufuata mtindo wa Waldorf, ule wa kufundisha kwa hadithi, picha na kazi za mikono, na kinachonishinda ni kupanga somo kuu la asubuhi, yaani kile kipindi kirefu cha somo moja kinachofungua siku. Mkubwa ana miaka kumi na yuko ngazi ya darasa la nne. Mdogo ametimiza saba na ndiyo kwanza anaanza la kwanza. Mtaala unataka kila umri upewe hadithi zake, yaani ngano za kale kwa mdogo na visasili vya Skandinavia kwa mkubwa, na katika hesabu mmoja yuko kwenye sehemu, kama nusu na robo, ilhali mwenzake anakutana na namba kwa mara ya kwanza. Nikiendesha vipindi viwili vya saa mbili mfululizo, asubuhi yote inakwisha nami sina tena nguvu hata za kuwasikiliza. Nikiwaunganisha, nachelea kwamba mdogo atasikia mapema mno habari za miungu wanaopigana na kufa. Walionitangulia mnafanyaje? Zaidi ya hayo, baba yao ana wasiwasi kwa kuwa mdogo hawezi kusoma hata sentensi moja, na sijui nimjibu nini.

Mwalimu Mstaafu:
Mama Wawili, hizo saa mbili zilikadiriwa kwa darasa lililojaa watoto, ambamo mwalimu anahitaji muda wa kuwatuliza, kuwapitia mmoja mmoja na kuwasubiri wanaochelewa. Ukiondoa hayo, kiini cha somo kwa mtoto wa miaka saba hakizidi nusu saa au dakika arobaini. Anzeni pamoja wote watatu kwa nyimbo, mashairi ya kughani, filimbi na kupiga makofi kwa kuhesabu. Mdogo akihesabu kwa mbili mbili, mkubwa apige jedwali la saba kwa mwendo uleule. Kisha mpe mkubwa kazi ya daftari lake huku ukimfundisha mdogo, halafu mbadilishane.

Msaada mkubwa zaidi umo katika mpangilio wa awamu. Kwa kuwa kila somo hushikwa kwa wiki tatu au nne kabla ya kuachwa lipumzike, hakuna sababu ya awamu mbili nzito kugongana. Mkubwa anapoanza sehemu, ambazo zinakuhitaji ukae naye, mdogo awe kwenye kuchora maumbo, akianza na mstari ulionyooka na mstari uliopinda. Mkubwa akiingia kwenye visasili, ambavyo baada ya kusimuliwa huandika na kuchora mwenyewe, ndipo mdogo aanze herufi. Kumbuka pia kwamba hadithi ya leo haifanyiwi kazi leo: mtoto hulala nayo, kesho huisimulia kwa maneno yake na kuichora, na kuandika hufuata baadaye. Kwa hiyo huhitaji kusimulia hadithi mbili mpya kila siku, pishanisheni.

Msomaji Mkaidi:
Nakubaliana na Mwalimu kuhusu ratiba, ila suala la kusoma lisipitwe kirahisi. Shule ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa Stuttgart mwaka 1919, Emil Molt alipomwomba mwanafalsafa Rudolf Steiner awaanzishie shule watoto wa wafanyakazi wa kiwanda chake cha sigara. Shule ile ilikusudia mwalimu mmoja kukaa na darasa lake miaka minane, hivyo herufi zingeweza kungoja kwa sababu aliyeziahirisha ndiye angezifundisha. Mzazi anayeiga kuchelewa huko bila kuwa na mpango wa kinachofuata ameahirisha tu.

Baba yao mwonyesheni mambo yanayopimika. Je, mtoto anasikia kwamba "mama" na "meza" yanaanza kwa sauti moja? Anaweza kukata neno katika silabi? Anasimulia hadithi ya jana kwa mpangilio? Kama anaweza, herufi inayozaliwa kutoka kwenye picha, M ikitokea katika vilele viwili vya mlima, itamfikia upesi, na kwa lugha inayoandikwa jinsi inavyotamkwa, silabi hufuata bila tabu kubwa. Kama hawezi, au kama katika familia kuna waliotaabika kusoma, msisubiri kwa jina la falsafa, mpelekeni akapimwe. Na kwa maoni yangu, mafundisho ya Steiner kuhusu roho na tabia nne za binadamu si sharti uyakubali ndipo ufaidi ratiba yake.

Mfumaji:
Kuhusu miungu kufa, mimi sikuona madhara kwa mdogo anayesikia kutoka pembeni huku mikono yake ikifuma. Hukumbuka nyundo ya Thor, mungu wa radi, na kusahau mengine. Kisa cha kifo cha mungu Baldur na kile cha mwisho wa dunia ndivyo nilivyovisimulia mdogo akiwa amelala.

Mama Wawili:
Nashukuruni sana. Nitaanza na sehemu kwa mkubwa na maumbo kwa mdogo. Swali moja limebaki: kwa kuwa mtindo huu humtambulisha mtoto kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya katika mwaka uleule wa kwanza, je, awamu hiyo ya mdogo naweza kuiweka sambamba na sehemu za mkubwa?

Mwalimu Mstaafu:
Iweke wiki ya mwisho ya sehemu, si mapema zaidi. Wakati huo mkubwa atakuwa anafanya mazoezi peke yake, na zile kokoto kumi na mbili anazogawanya mdogo katika mafungu zitamfaa kaka au dada yake kuonyesha theluthi na robo.