Tupeane uzoefu: kazi ukiwa mwanafunzi Uingereza, na ukishamaliza

Ubungo_Leeds
Wakuu, Septemba kundi jipya linapanda ndege, na maswali ya kubeba boksi ni yale yale kila mwaka. Tuweke hapa mambo yenyewe: saa, makato, viza. Zile za "jamaa alizidisha na hawakumshika" tuziache kijiweni.

Naanza na saa. Muhula ukiendelea, anayesoma digrii anaruhusiwa saa 20 kwa wiki. Kozi za chini ya digrii ni 10. Wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili na hakuna kufidiana. Ukifanya 12 wiki hii na 28 ijayo, umeshavunja masharti ya viza. Mtego mkubwa ni zamu ya Jumapili usiku. Ukiingia saa nne usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, saa mbili ni za wiki inayoisha, sita zimekula wiki mpya. Meneja anayepanga ratiba hana habari hiyo. Na ukiwa na waajiri wawili, saa zao zinajumlishwa.

BintiPangani
Naongezea kwa watu wa masta, maana hapa ndipo wengi huangukia. Kiangazi ambacho wenzenu wa digrii ya kwanza wanapiga kazi muda wote, ninyi mnaandika tasnifu, na kwa viza huo bado ni muhula. Saa 20 zile zile. Omba chuo barua ya tarehe za mihula na likizo, mpe mwajiri nakala, wewe baki na yako. Kinachofungua kazi ya muda wote ni tarehe rasmi ya mwisho wa kozi, ile iliyo kwenye CAS (uthibitisho wa kupokelewa masomoni ambao chuo hukupa kwa ajili ya viza), si siku uliyokabidhi tasnifu.

mgeni_wa_baridi
Wakuu, na kupeleka chakula kwa baiskeli?

Ubungo_Leeds
Hapana mkuu, hata kwa saa moja. Yule mpeleka chakula anahesabiwa amejiajiri, na viza ya mwanafunzi inakataza kujiajiri. Kukodi akaunti ya mtu ni kosa juu ya kosa. Kwa mantiki hiyo hiyo, kusuka wateja chumbani kwako kwa malipo na kuuza sambusa kwa oda navyo havimo.

Kisosora
Nizungumzie siku ya kwanza kazini. Mwajiri atataka share code, msimbo wa tarakimu na herufi 9 unaoutoa kwenye akaunti yako ya eVisa (viza ya kielektroniki). Inayoanza na W ndiyo ya kazi. R ni ya mwenye nyumba. Ukimtumia meneja ya R ataambiwa haifai, na usipouliza kwa nini, zamu inapewa mwingine. Inadumu siku 90, toa nyingine ikiisha. Namba ya NI (National Insurance, mchango wa bima ya taifa unaokatwa kwenye mshahara) si lazima uwe nayo ndipo uanze. Omba mara ukifika, uiwasilishe ikitoka.

Kisha utapewa fomu ya mfanyakazi mpya yenye chaguo A, B na C. Kama ni kazi yako ya kwanza tangu Aprili 6, mwaka wa kodi unapoanza, ni A. Wengi hutia tiki C bila kusoma, na hapo kodi inakatwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza, kana kwamba una kazi nyingine. Ikishatokea, wapigie HMRC (mamlaka ya kodi) warekebishe. Pesa hurudi.

Piga hesabu mwenyewe: kuanzia Aprili 2026 kima cha chini kwa aliyetimiza miaka 21 ni pauni 12.71 kwa saa. Mara 20 ni 254.20. Kodi na NI huanza baada ya kama 242 kwa wiki, kwa hiyo makato hayo mawili kwa pamoja hayafiki pauni 4. Karatasi ya mshahara ikionyesha 50 za kodi, angalia kama imeandikwa BR, alama ya kukatwa asilimia 20 tangu pauni ya kwanza. Pensheni ni makato mengine, na unaweza kujitoa.

BintiPangani
Baada ya kumaliza kuna viza ya Graduate, ya kubaki na kufanya kazi. Ombi linafanyika ukiwa ndani ya Uingereza, kabla ya viza ya mwanafunzi kwisha, lakini *baada* ya chuo kuiarifu Home Office (wizara ya mambo ya ndani) kwamba umefaulu. Cheti hakihitajiki, wala salio la benki. Waandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa wakuthibitishie kwa barua pepe kwamba wameshaarifu, ndipo ulipe. Ukiomba hadi Desemba 31, 2026 unapata miaka 2. Kuanzia Januari 1, 2027 ni miezi 18. Wa PhD wanabaki na miaka 3. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka na inalipwa yote kwa mkupuo, yaani 2,070 kwa miaka 2, mbali na ada ya viza yenyewe. Anza kuitenga mapema, maana inaangukia wakati ule ule kodi ya nyumba inataka kulipwa.

Viza hii haiongezwi. Mwajiri anayeweza kukudhamini kwa viza ya kazi mtafute mwaka wa kwanza, si mwezi wa mwisho.

mgeni_wa_baridi
Dada, nikishaomba naweza kuchungulia nyumbani wiki mbili?

BintiPangani
Usithubutu. Ukitoka kwenda Dar kabla ya jibu, ombi linahesabiwa umeliondoa. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 8. Tiketi ikate baada ya hapo.