AAT na AQRB: ada mbili za nini?

Wakuu habari. Nimemaliza Chuo Kikuu Ardhi, niko ofisi moja Kinondoni nachora vyoo na ngazi kutwa. Bosi kanisisitiza nijiunge na chama cha wasanifu majengo, AAT. Sasa si tayari kuna bodi ya kusajili wasanifu, AQRB?

MamaRamani:
Mdogo wangu, usichanganye. Bodi, yaani AQRB, ipo kisheria: bila usajili wake hujiiti msanifu. Chama ni hiari, ni chetu wenyewe. Lakini ukilipa ada ukakaa kimya, utaambulia kadi tu. Mimi niliingilia mlango wa urithi. Unalijua Boma la Kale pale Sokoine Drive, lile la mawe ya matumbawe, la enzi za Sultan Majid miaka ya 1860? Ndipo ilipo DARCH, kituo cha urithi wa usanifu wa Dar, na AAT ni miongoni mwa walioasisi. Nilijitolea kushika futi kamba tukipima ghorofa za zamani mjini kati. Mzee mmoja aliyesomea Nairobi akanieleza kwa nini veranda zile zinapooza nyumba bila kiyoyozi. Chuoni nilikariri tu. Huyohuyo ndiye aliyenisimamia baadaye (mkali balaa!).

Fundi_Nairobi:
Huku vilevile. BORAQS inasajili, AAK ni chama tangu 1967. Ila AAK ina hadi wakadiriaji majenzi na wapangaji miji.

Muuliza swali:
Shukrani dada. Hiyo kazi ya kupima wanatoa nauli?

MamaRamani:
Thubutu! Chai na chapati utapata.