Mama ana dawa tatu za presha na miguu inavimba. Kila moja ni ya nini?

Kijana wa Korogwe:
Habari wakuu. Mama ana miaka 67, yuko Korogwe, mimi nipo Dar. Jana dada kanitumia picha ya mfuko wake wa dawa: amlodipini mg 10, losatani mg 50, haidroklorothiazaidi mg 25, na chini kabisa diklofenaki mg 50 anazojinunulia dukani kwa ajili ya magoti. Presha moja, dawa tatu za nini? Vifundo vimevimba, jioni hata kandambili zinambana. Anasema dawa nyingi zinaua figo, anataka aziache zote abaki na ya magoti, maana hiyo ndiyo anaona inamsaidia.

Mzee wa Mitishamba:
Mpe kitunguu saumu mkuu, hizo za hospitali zinachosha mwili.

Dirisha la Dawa:
Mimi ni mfamasia, na swali hili naulizwa kila siku ya kliniki. Amlodipini inalegeza mishipa ya damu ipanuke. Losatani inazuia homoni inayoibana mishipa hiyo. Haidroklorothiazaidi inatoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo, kwa hiyo anywe asubuhi, la sivyo atakesha chooni. Presha ina njia zaidi ya moja ya kupanda, ndiyo maana wengi hawatoshelezwi na dawa moja.

Vifundo kuvimba ni kawaida kwa amlodipini, hasa ikifika mg 10. Daktari anaweza kuishusha, ila asiikate mwenyewe, na apimwe, kwani moyo na figo navyo huvimbisha miguu.

Kinachonitisha ni hiyo diklofenaki. Inapandisha presha na kubakiza maji mwilini. Tena figo ya mtu wa umri wake inategemea kemikali fulani kuacha wazi mshipa unaoingiza damu, na diklofenaki inazizima. Losatani nayo inalegeza mshipa wa kutolea, na haidroklorothiazaidi inapunguza maji. Zikikutana tatu hizo, msukumo wa damu ndani ya figo unaporomoka. Anayotaka kubaki nayo ndiyo ya kuacha kwanza! Magoti atumie parasetamoli, au aulizie jeli ya kupaka, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu.

Kitunguu saumu ale kwenye mchuzi, kisichukue nafasi ya vidonge.

Kijana wa Korogwe:
Asante sana. Dada ameshaziweka kando diklofenaki. Ila mama anauliza, juzi alipima 128 kwa 80, si ameshapona?

Dirisha la Dawa:
Mpe shikamoo yangu. Hiyo 128 ni kazi ya vidonge. Akiviacha itapanda tena, na huenda asisikie dalili yoyote mpaka apate kiharusi. Wiki hii aende kliniki na mfuko mzima, pamoja na alizojinunulia na za mitishamba kama zipo, aombe kipimo cha damu cha kreatinini (kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu (aina ya chumvi kwenye damu). Akianza kupumua kwa shida au mkojo ukipungua, asingoje siku ya kliniki.