Ford Ranger 3.2: injini nzuri ya silinda tano imeuawa na dakika 10 ambazo hatukuambiwa, na sasa wameitelekeza

Wakuu, hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa. Nina hasira na waliotuletea Ranger za 3.2, wakatuuzia kwa mbwembwe zote, kisha wakanyamaza kuhusu jambo moja ambalo lingeokoa injini nyingi kama lingeandikwa tu kwenye kibandiko chini ya boneti.

Kwa wasioijua vizuri: ni injini ya dizeli ya cc 3198, silinda tano kwenye mstari mmoja, ukoo wa injini za Ford unaoitwa Puma. Ilianzia kwenye Transit, ile van ya Ford, mwaka 2011 ikaingia kwenye Ranger, na Mazda BT-50 ya wakati huo ina injini hiyo hiyo. Za Afrika Kusini zilikuwa zinatengenezwa Struandale, Port Elizabeth (siku hizi Gqeberha), na pikapu yenyewe inaunganishwa Silverton, Pretoria. Kilowati 147, nguvu ya kuvuta Nm 470 kuanzia mizunguko 1500 tu kwa dakika.

Silinda tano si kitu cha kila siku. Mercedes walianza kuziweka kwenye gari ndogo za dizeli mwaka 1974, Toyota wakaweka 1PZ kwenye Land Cruiser 70, Land Rover wakaja na Td5 mwaka 1998. Silinda moja inawaka kila krenki (shafti kuu ya injini) inapozunguka nyuzi 144, ndiyo maana mlio wake haufanani na wa Hilux wala D-Max. Anayeujua anautambua gari ikiwa bado haijatokeza kwenye kona. Na inavuta kweli. Ipandishe mlima Kitonga na mzigo umejaa bodi uone kama itahangaika. Tena ina cheni ya taimingi, si mkanda. Nayasema haya ili asije mtu kuniambia naichukia. Naipenda, na hasira yangu inatoka hapo.

Sasa tuje kwenye dakika 10.

Pampu ya oili ya injini hii ni ya mapanga, na inabadilisha kiasi inachosukuma kulingana na mahitaji ya injini, ili kupunguza ulaji wa dizeli. Ukifungua nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) ukaacha oili ichuruzike muda mrefu, hata ile iliyobaki ndani ya pampu inashuka. Pampu inabaki na hewa. Ukija kuwasha, mapanga yanazunguka bila kunyonya kitu, taa ya oili haizimi, na beringi za krenki zinasagana kavu. Utaratibu wa kiwanda uko wazi: usizidishe dakika 10, rudisha nati, mimina oili mpya papo hapo.

Niambieni ni fundi gani mtaani anayemwaga oili kwa dakika 10! Fundi tunayemsifu kwa umakini ni yule anayeacha ishuke mpaka tone la mwisho, akisisitiza uchafu wote utoke. Injini hii inabeba karibu lita 10. Anafungua nati, anatuma kijana kwenye maduka ya spea ya Gerezani kufuata filta, foleni, filta inayoletwa siyo, kijana anarudishwa. Wengine wanalaza gari usiku kucha nati ikiwa wazi na wanaona wamekutendea wema. Umakini huo huo ambao kwenye injini ya 1HZ ya Land Cruiser au 4JJ1 ya D-Max haudhuru chochote, hapa unaua injini. Halafu lawama zote zinamwangukia fundi, wakati hakuna aliyewahi kumwambia.

Gari ya kaka yangu kule Makambako ilitoka gereji kwa kuvutwa. Iliingia yenyewe kwa sevisi ya kawaida, ikawashwa, ikanoki, basi. Tulipokwenda kwa wakala mmoja (simtaji) kuuliza kwa nini mnunuzi haambiwi hili siku anakabidhiwa funguo, tukajibiwa kwamba mteja anatakiwa afanyie sevisi kwao. Kutoka Makambako! Kwa hiyo mkulima anayesomba viazi afunge safari mpaka Dar kumwaga oili? Sentensi moja ya Kiswahili ilikuwa inatosha. Hawakuiandika.

Na kuna kitu sioni mtu akikisema. Ukifiwa na injini, unakimbilia injini ya mtumba. Injini ya mtumba imesafiri na kukaa stoo bila oili. Maana yake pampu yake ni kavu tangu siku inafungwa kwenye gari yako! Fundi anaifunga, anamimina oili, anapiga stata, na ya pili inakufa kwa ugonjwa ule ule. Kisha utasikia "injini za mtumba za Ford ni mbovu". Kabla ya kuwasha, pampu ijazwe oili kwa presha, na injini izungushwe kwa stata bila kuruhusiwa kuwaka mpaka taa ya oili izime. Ikigoma kuzima, usiwashe kabisa. Mwambie fundi hivyo hata kama atakuona mjuaji.

Kasoro ya pili ni kula (cooler) ya EGR, kile kipozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini. Inapasuka ndani, kulanti inaingia kwenye njia ya moshi na hewa, na chini ya gari huoni hata tone. Unaongeza maji wiki hii, unaongeza wiki ijayo, unaambiwa ni mfuniko wa rejeta. Mbaya zaidi, geji ya joto inakaa katikati imetulia. Ikija kusogea, hedi (kichwa cha injini) imeshapinda. Gari haina hata kengele ya kukuonya kwamba maji yamepungua. Wenye Ranger kule Australia wanajifungia kengele za kununua pembeni. Gari ya bei ile, mwenye gari ajitafutie kengele!

Nozo za kupulizia dizeli sitazisemea sana. Ni za kielektroniki, hazipendi dizeli chafu, ukibadilisha lazima zisomeshwe kwenye kompyuta, na bei yake mnaijua.

Sasa kinachoniuma zaidi. Badala ya kurekebisha pampu na kula ya EGR, Ford wameiacha injini. Marekani walikuwa nayo kwenye Transit, ikaishia modeli ya 2019. Mazda walipotoa BT-50 mpya mwaka 2020 walihamia kwenye lita 3.0 ya Isuzu. Ranger mpya ilipoingia sokoni Afrika Kusini mwaka 2022, ikaja na dizeli za lita 2.0 na V6 ya lita 3.0, bila 3.2. Naelewa sheria za moshi zimekaza Ulaya na kila mtu anataka injini isiyokunywa sana. Lakini tazameni tulichopewa. Lita 2.0 hizo ni ukoo wa EcoBlue, ambao ulipoanza mwaka 2016 ulikuwa na mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Mkanda ndani ya oili! Kwa oili zetu hizi ambazo nusu hujui zimefungwa wapi? Mkanda ukianza kumeguka, vipande vinakwenda kuziba chujio la pampu, na tunarudi kule kule kwenye beringi kavu. V6 ni injini ya maana, Nm 600, ila angalieni bei ya gari yenye V6 mniambie ni msomba viazi gani ataigusa.

Najua wapo watakaokuja kuniambia "nunua Toyota". Ndugu zangu, gari zimeshanunuliwa, mikopo imeshakatwa, ziko barabarani Tanzania, Kenya na kwingineko, na zitaendelea kufanya kazi miaka mingi. Wenye nazo wana haki ya vitu viwili. Kwanza, utaratibu wa kumwaga oili uandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, usambazwe bure kwa mafundi wote, siyo kwa gereji za mawakala peke yake. Pili, pampu za oili na kula za EGR halisi ziendelee kuletwa, tena kwa bei ambayo haimlazimishi mtu kwenda kununua feki.

Mwenye 3.2, Ranger au BT-50, aandike hapa chini mwaka wa gari, kilomita, kilichokufa na nani alimwaga oili mara ya mwisho. Aliyepata kula ya EGR imara aseme kaitoa duka gani na kwa shilingi ngapi. Na wewe uliyepanga kwenda sevisi kesho: nunua filta na oili leo, uwe navyo mkononi kabla fundi hajagusa ile nati.