Uliyewahi kumngoja Mungu miaka mingi, pale katikati uliishije? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za Jumapili. Leo kanisani kuna dada katoa ushuhuda, kangoja ndoa miaka 12, vigelegele kama vyote, mimi nimekaa benchi la nyuma nawaza mbona miaka yote hiyo kaimaliza kwa sentensi moja, "nikangoja, Bwana akajibu". Sasa hapo kwenye mkato ndo wengine tunapoishi. Leteni za hapo.

Naanza mimi. Nimemaliza ualimu 2015, Historia na Kiswahili. Tunajipanga tu kupangiwa vituo, 2016 serikali ikasitisha ajira kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na zilipoanza kufunguka wakatangulizwa wa sayansi na hesabu. Nikauza mitumba, nikapiga tempo, yaani kufundisha kwa muda, shule ya mtu binafsi mshahara unaruka miezi, nikaendesha boda ya watu. Kila TAMISEMI, wizara inayopangia walimu vituo, wakitoa majina nashusha ile pdf natafuta kwa ukoo, halafu jina la kwanza, halafu naanza kushuka na kidole ukurasa kwa ukurasa labda wamekosea herufi. Mama kila Jumapili anafunga mia tano kwenye pindo la khanga, eti sadaka ya ajira yako. Kuna siku nikamjibu vibaya, mama hiyo si ununue sukari. Hakusema kitu, akafunga tu.

Jina lilitoka 2021. Nisiwadanganye, miaka ile sita imani ilikuwa ya mama, mimi nilidandia.

*

Mkuu umeongea. Mahubiri ya Ibrahimu huwa yanarukwa kitu, kaitwa ana miaka 75 Isaka kaja ana 100, hapo katikati kuna Ishmaeli, kuna watu walichoka kungoja wakajiongeza. Na mimi Ishmaeli wangu ninaye, nilikopa milioni mbili nikampa jamaa wa "connection" ya kazi bandarini, simu haipatikani mpaka kesho. Deni nimelimaliza mwaka jana. Kazi nilipata kwingine kabisa, bila hata mia ya mtu, na ndo iliyolilipa hilo deni. Huwa nacheka peke yangu nikiwaza.

*

Assalaam aleikum, huku Tanga na sisi tumo. Mzee wetu alifariki tukaingia kwenye kesi ya mirathi, miaka 11, naahirishiwa tu, mara faili halionekani, mara hakimu kahamishwa, nauli nimetoa mpaka karani ananijua kwa jina. Nilichokishika ni Nabii Yusuf, alimuomba mwenzake wa jela ukitoka nitaje kwa bwana wako, yule katoka kasahau, na Yusuf kakaa humo miaka mingine. Nikajiambia kama Nabii kasahauliwa mimi nani. Kila kesi ikiahirishwa nikitoka pale naenda kuswali Adhuhuri msikiti wa jirani kabla sijapanda basi, maana nikipanda na ile hasira nilikuwa nafika nyumbani nagombana na wanangu. Hukumu imetoka, nyumba imegawiwa, ndugu wawili hatusemezani mpaka leo. Alhamdulillah kwa vyote, ila na hilo niliseme.

*

Jamani mimi sina mwisho wa kuwapa, niko humo humo. Ndoa mwaka wa 9, hatuna mtoto. Mirija nimepima, mume kapima, wote tunaambiwa tuko sawa, sasa hilo "mko sawa" ndo linauma kuliko ugonjwa. Wifi kaniuliza msibani, msibani jamani, tunamenya viazi. Na wapendwa wakija na ile "wakati wa Mungu ni sahihi" huwa naitikia amina halafu naingia jikoni kulia.

Zaburi ya 13 naipenda kwa sababu inaanza kwa kulalamika, hata lini Bwana. Usiku nikishindwa kuomba naisoma hiyo tu nalala.

*

Dada pole sana. Samahani kukuuliza, huwa unachoka kabisa ukasema basi?

*

Nishasema basi mara nyingi tu. Mwaka wa pili wa ndoa nilinunua kinguo cha njano Kariakoo, kiko kabatini. Mwezi uliopita nikakitoa nimpe jirani kajifungua, nimeshafika mlangoni kwake nikampa sabuni na khanga. Kinguo nikarudi nacho, nikakifua, nikakianika, nikakirudisha.