Inverta inazimika kila usiku: betri mbili za jeli au moja ya lithiamu?

BabaTatu (Kisauni)
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha, kwa maana Jumamosi hii nimekusudia kwenda mjini kununua betri. Inverta yangu ya sola, inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, hufanya kazi vizuri tangu asubuhi hadi Magharibi, lakini ikifika baina ya saa tatu na saa nne usiku hulia mara kadhaa kisha hujizima, ilhali dakika chache kabla ya hapo kioo chake kilikuwa kikionyesha kwamba betri bado zina nguvu. Hali hii ilianza na mvua za masika. Nimepewa bei mbili: betri mbili za jeli za ampea-saa 200 kila moja kwa shilingi 78,000, au betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 kwa shilingi 58,000. Nilizonazo ni za jeli, nilizozifunga muda mfupi baada ya umeme kukatika Kenya nzima Agosti 2023. Je, nichukue zipi?

Fundi_Tudor
Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, umetaja bei kabla ya kuutaja ugonjwa. Hukutuambia inverta ni ya volti ngapi, paneli ni za wati ngapi, wala ni vitu gani vinavyowaka hiyo saa tatu. Inverta inayozimika ghafla huku kioo kikionyesha volti nzuri mara nyingi huwa imekutana na mzigo mkubwa wa ghafla, kwa mfano mota ya friji inapoanza, ambayo kwa nukta moja au mbili huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshazunguka. Volti zikishuka kwa nukta hiyo chini ya kiwango cha inverta kujikata, itazima, kisha volti zitapanda tena na wewe utadhani imezima bila sababu. Tupe maelezo kwanza.

BintiLikoni
Mimi ningemshauri achukue lithiamu bila kusita. Sisi tuna mwaka wa tatu nayo na hatujaigusa. Betri ya jeli haipendi kushushwa chini ya nusu, na ikibaki siku nyingi bila kujaa, sahani zake za risasi hufanya ukoko wa salfeti na uwezo wake unapungua moja kwa moja. Lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma haidhuriki kwa kukaa nusu, jambo ambalo msimu huu wa mawingu si dogo.

Upepo_wa_Kusi
Dada BintiLikoni, kila mada hapa wewe jawabu lako ni lithiamu. Mtu akisema bomba lake linavuja utamwambia afunge lithiamu. Betri hazijapimwa, waya hazijapimwa, na tayari tunamtuma dukani.

BabaTatu (Kisauni)
Samahani kwa kuwaacha gizani. Inverta ni ya volti 24, kilowati 3. Betri mbili zimeunganishwa kwa mfuatano, yaani volti 12 na 12 zinafanya 24. Paneli ni mbili za wati 330. Usiku tunatumia vitu vya kawaida tu: taa, feni mbili, runinga na friji. Betri nimeziweka juu ya dari, katika kibanda cha mabati, ili watoto wasizifikie.

MwalimuMstaafu
Bwana BabaTatu, nami nitakueleza yaliyonipata, ingawa ni marefu kidogo, kwa sababu naona unaelekea njia niliyoipita.

Betri zangu za risasi zilipochoka nilishawishiwa na muuzaji mmoja kuchukua lithiamu ya volti 24. Aliyekuja kuifunga alitoa betri za zamani, akaweka mpya mahali pale pale, akawasha, taa zikawaka, akala chakula cha mchana kwangu na kuondoka. Hakufungua mpangilio wa inverta hata mara moja. Kumbe inverta ilikuwa bado inaamini kwamba inachaji betri za maji, na kila baada ya majuma kadhaa ilifanya kile kuchaji kwa kusawazisha, ambako volti hupandishwa hadi karibu 31. Betri ya lithiamu ya seli 8 haitakiwi kuvuka 29.2. Saketi ya ulinzi iliyomo ndani yake ilifanya kazi yake, ikajikata. Mara ya kwanza na ya pili tuliizima na kuiwasha, tukasema labda ni joto. Mara ya tatu ilijikata saa saba mchana, jua likiwa kali na paneli zikisukuma kwa nguvu zote, na inverta ikabaki na umeme wa paneli bila betri ya kuupokea. Tulisikia mlio kama wa bilauri kupasuka. Betri ilisalimika, inverta ikafa.

Niliporudi dukani niliulizwa leseni ya fundi. Sikuwa nayo, kwa sababu sikumuuliza, nami miaka yote nimewafundisha watoto wa watu kusoma kabla ya kutia sahihi. Kanuni za mwaka 2012 zinataka mitambo ya sola ifungwe na fundi aliyepewa leseni, ambayo siku hizi hutolewa na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kwa madaraja ya T1, T2 na T3, na karatasi ya dhamana ilikuwa imeyasema hayo kwa maandishi madogo. Nilinunua inverta nyingine kwa fedha zangu.

BintiLikoni
Pole sana, Mwalimu, lakini kwa heshima zote, kosa hilo ni la fundi, si la lithiamu. Hata jeli ingeharibika kwa kusawazishwa hivyo, tena ingevimba kimyakimya bila saketi ya kuiokoa.

Tuangalie hesabu. Jeli mbili za volti 12 na ampea-saa 200 zina wati-saa 4,800, na ukitumia nusu unapata 2,400. Lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100 ina wati-saa 2,560, na ukitumia asilimia 90 unapata takriban 2,300. Ni sawasawa, isipokuwa moja utaibadilisha baada ya miaka michache na nyingine itadumu zaidi ya hapo.

Fundi_Tudor
Hesabu ni sahihi ikiwa hiyo ya shilingi 58,000 ni ya volti 25.6. Bei hiyo inanitia shaka. BabaTatu, kibandiko chake kimeandikwa nini?

BabaTatu (Kisauni)
Nimempigia simu muuzaji. Kimeandikwa volti 12.8.

Upepo_wa_Kusi
Basi hapo pana nusu ya betri. Atahitaji mbili, yaani shilingi 116,000, na si kila betri ya lithiamu inaruhusiwa kuunganishwa kwa mfuatano. Saketi zake za ulinzi ziwe zimetengenezwa kwa ajili hiyo.

Nami nina neno juu ya kibanda cha mabati. Betri ya risasi hupimwa umri wake kwa joto la nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinapoongezeka, umri huo hukaribia kukatika nusu. Chini ya mabati ya Kisauni mwezi wa Februari, saa nane mchana, yai linaweza kuiva. Ziteremshe, uzifungie wavu wa kuzuia watoto.

MwalimuMstaafu
Na upepo wa chumvi? Kwangu vichwa vya betri huota ukungu wa kijani kila baada ya miezi mitatu. Mimi huvipaka mafuta ya mgando.

Upepo_wa_Kusi
Grisi ni bora, Mwalimu. Mafuta ya mgando huyeyuka na kutiririka.

MwalimuMstaafu
Yangu hayajatiririka kwa miaka minne.

Fundi_Tudor
Chochote mtakachopaka, kipakwe baada ya kukaza, chuma kikiwa kimeshagusa chuma. Nimekuta nyumba ambayo mtu alipaka kwanza ndipo akakaza, na uunganisho ukawa unachemka.

Turudi kwa mwenye shida. BabaTatu, tafuta mita ya volti. Kwanza, pima kila betri peke yake alfajiri, kabla ya jua, vitu vikiwa vimezimwa kwa muda wa kutosha. Pili, pima kila moja usiku wakati mzigo unaendelea. Tatu, weka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha betri chenyewe na nyingine juu ya waya wa inverta uliofungwa hapo. Panapaswa kusoma karibu na sufuri. Kisha utueleze ukweli kuhusu friji, maana paneli za wati 660 siku nzuri zitakupa kama wati-saa 2,300, nazo feni mbili peke yake kwa usiku mzima zinamaliza karibu 1,000.

BabaTatu (Kisauni)
Nimepima. Alfajiri, betri ya kwanza 12.6 na ya pili 12.0. Usiku chini ya mzigo, ya kwanza 12.1 na ya pili 11.2. Kati ya kichwa cha betri na waya nimepata 0.4.

Kuhusu friji, nakiri kwamba ni friza. Mama watoto anauza barafu za ukwaju na za ubuyu, na tangu mwezi wa Machi wateja wameongezeka, kwa hiyo akabadilisha ile ndogo. Sikuona kwamba ni jambo la kutaja.

BintiLikoni
Hukuona, kaka? Friza ndiyo mada yenyewe.

Upepo_wa_Kusi
Betri ya pili ni mgonjwa, na katika mfuatano mgonjwa mmoja huwaangusha wote. Nunua moja tu ya jeli, utumie shilingi 39,000 badala ya 78,000.

BintiLikoni
Mpya na ya zamani haziwekwi pamoja. Ya zamani hujaa upesi kwa kuwa uwezo wake umepungua, inazidishiwa chaji, huku mpya haijajaa. Mwaka hauishi atakuwa ameua zote mbili.

Upepo_wa_Kusi
Mimi nimefanya hivyo na zinafanya kazi.

BintiLikoni
Kwa muda gani?

Upepo_wa_Kusi
Tangu Januari.

MwalimuMstaafu
Kabla ya kununua lolote, je, paneli ya tatu haingekuwa nafuu? Betri mpya isiyojaa mchana itakuwa mgonjwa kama hii, na barafu hazitapungua.

BabaTatu (Kisauni)
Nafasi juu ya dari ipo, nikikitoa kibanda. Lakini Mwalimu, harusi ni wiki ijayo na ameshapokea oda ya barafu mia tatu. Siwezi kumwambia asubiri paneli.

Fundi_Tudor
Hiyo 0.4 ya kwenye uunganisho uliipima friza ikiwa inaanza, au ikiwa imeshaanza?

BabaTatu (Kisauni)
Ilikuwa imeshaanza. Inverta ilionyesha wati 350 hivi.

Fundi_Tudor
Hizo ni kama ampea 15. Friza ikianza na kuvuta 45, utapoteza volti 1.2 hapo tu, kabla hata ya kuilaumu betri. Zima kila kitu, fungua, piga msasa hadi chuma kiwe cheupe, kaza, ndipo upake hayo mafuta ya Mwalimu. Kisha mpe mama watoto mita aishike usiku, nawe uwashe friza.